Msiba Ndani ya Raha Mustarehe

Mtu asikudanganye kwamba chumba chenye kibaraza ndicho chumba kizuri. Bi. Nakiete Mshana aliwaambia hivyo wageni wote waliopanda meli ya Raha Mustarehe, tena aliwaambia bila kupepesa macho, mbele ya wauza vyumba wenyewe. Kibaraza ni upepo na chumvi, basi. Chukua chumba cha katikati, ghorofa za chini, pale meli inapoyumba kidogo kuliko kwingine. Usipange foleni ya mayai asubuhi, yule mpishi ana maringo kuliko bwana harusi. Usishuke bandarini na kundi la kampuni, utaishia dukani kwa shemeji yake dereva. Ukimwona mtu ametandika taulo kwenye viti vinne tangu alfajiri na yeye hayupo, toa taulo, kaa. Na ugali wa humu usiuguse, umepikwa na mtu aliyeuona kwenye picha.

Watu walicheka na kumwamini. Mama huyu alikuwa amefundisha jiografia kule Same mpaka akastaafu, akachora bahari ubaoni miaka nenda miaka rudi bila kulowesha hata kidole, halafu siku moja akapanda meli na hakushuka tena. Kampuni ilimpenda. Ilimpa chumba cha bure na kiti chake mezani, na kazi yake ikawa kupokea wageni na kuwapa maoni. Maoni hayakumwishia. Alikuwa nayo juu ya supu, juu ya mito ya kulalia, juu ya wanaume wanaovaa kaptula kwenye chakula cha jioni.

Swali la mwisho la wageni lilikuwa lile lile siku zote. Walishusha sauti, wakagusa nyuma ya sikio, wakauliza, "Na hiki je, Mwalimu? Kinauma?"

"Hakiumi," aliwajibu. "Humu hakuna kinachouma."

Hakuwa anatania. Kitulizo kilikuwa kidogo kama punje ya choroko, kinabandikwa nyuma ya sikio la kushoto, kwisha. Kilitengenezwa kwa ajili ya kichefuchefu, maana kichefuchefu cha baharini ni ugomvi tu: jicho linasema chumba kimetulia, sikio linasema chumba kinayumba, na tumbo ndilo linalolipia ugomvi wa wenzake. Kitulizo kiliunyamazisha ugomvi huo. Baadaye wataalamu wakagundua kwamba mshipa ule ule unaoleta matapishi ndio unaoleta donge la kooni, kifua kubana, na magoti kulegea mtu anapopewa habari mbaya. Ukiziba njia ya kimoja, umeziba na ya kingine. Ilikuwa bahati mbaya, lakini bahati mbaya yenye soko. Kufumba na kufumbua meli zikajaa wajane, wagane, walioachwa, walioachishwa kazi, na wale waliochoka tu na maisha. Wote walikula vizuri na kulala vizuri. Furaha nayo ilipungua, tuseme kweli, ikabaki ile ya kula keki. Lakini nani alikuwa anaipima?

*

Bi. Kokusima alipandia Dar es Salaam. Wanawe wawili, watu wazima wenye suti, walimsindikiza mpaka mlangoni, wakasaini, wakampa mkono, wakageuka huku wakitazama simu. Mama alibaki amesimama na sanduku lake, kitambaa cheusi kichwani, kanga mbili kiunoni, wala hakuwapungia.

Nakiete akamwendea na maneno yake ya kila siku. Alipofika kwenye kibaraza na upepo, mgeni akamshika mkono taratibu.

"Dada yangu, usijisumbue. Mimi sijaja kutembea. Nimeletwa."

Habari yake ilikuwa fupi. Mumewe, Mzee Rwegasira, alikuwa amezikwa juzi kule Kamachumu. Wanawe walivunja matanga siku hiyo hiyo, palepale kaburini, kwa kipaza sauti, eti watu wana kazi na barabara ni mbovu. Majirani waliokuja na mikeka yao walirudi nayo makwapani. Kesho yake mama akapakiwa kwenye ndege, ndege ikamleta bandarini.

"Wanasema nikapumzike," alisema Kokusima. "Nipumzike nini? Sijaanza."

Daktari wa meli alipomletea kitulizo, alikikataa. Hakugomba, hakuinua sauti. "Nikikibandika hicho, baba, mume wangu nitamlilia na nini?" Daktari akacheka kwa adabu, akakirudisha kwenye karatasi yake. Wengi hukataa siku ya kwanza. Mawimbi yakianza huwa wanakuja wenyewe, wamejishika tumbo. Kokusima mawimbi yalimkuta na hakuja. Alitapika kwenye ndoo, akanawa, akakaa.

Yaliyotokea yalitokea mchana wa siku ya pili, kwenye ukumbi wa chakula. Jikoni siku hiyo walipika ndizi na maharage, wakamwagia samli, na nadhani kwa mara ya kwanza katika historia ya meli ile walipatia. Kokusima akaonja kijiko kimoja. Akakiweka. Akapandisha mikono yote miwili kichwani, na ukumbi mzima ukasikia.

"Rwegasira weee! Rwegasira, umeniacha na nani? Nani atakula na mimi, Rwegasira?"

Hakikuwa kilio cha leso. Kilikuwa kile cha nyumbani, kinachoanzia chini kabisa na kuita jirani wa ng'ambo ya mto. Mhudumu akasimama na sinia hewani. Bwana mmoja mnene, aliyewahi kuwa mkubwa wa benki, akaweka uma chini na kuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama yuko wapi?" Mkewe akamtazama kama mtu asiyemjua. Meza ya mbali mwanamke alianza kujikuna kifua, akajikuna mpaka akachubuka.

Nakiete alikuwa amekaa kando ya Kokusima. Alihisi kitu kifuani mwake, mfano wa mguu uliokufa ganzi unapotaka kuamka, visindano visindano. Kikakaa kidogo, kikapotea. Akamalizia ndizi zake. Zilikuwa tamu.

*

Asubuhi iliyofuata Bwana Kidanto alimkuta Nakiete kwenye sitaha ya juu akinywa chai. Kidanto alikuwa mkuu wa ukarimu, kijana wa Singida mwenye viatu vinavyong'aa na sauti laini. Hakuwa mtu mbaya, na mimi sitamfanya awe mbaya kwa sababu hadithi inahitaji mbaya. Alikuwa na meli ya watu elfu mbili mikononi mwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chai yenu haina tangawizi. Nimesema na nitasema tena."

"Nitawaambia jikoni, mama." Akavuta kiti. "Nimekuja kwa lile la jana. Yule bwana wa benki hajalala. Anauliza mama yake, na mama yake alishafariki zamani. Wengine wako zahanati, wanasema kifua, wanasema koo. Daktari anasema vitulizo vyao ni vizima. Ni kilio tu. Mtu asiye nacho akilia karibu, wenye nacho kuna kitu kinawafikia, na hakuna anayejua kinapita wapi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ama avae, ama tumshushe Port Louis kesho kutwa, peke yake na sanduku lake. Huko hana ndugu wala hajui lugha. Nami sipendi kumwacha mama wa watu bandarini, Mungu ananiona."

Akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na ile punje.

"Wanawe wameridhia. Tumeongea nao kwa video, daktari akiwepo. Lakini akiwa macho hakubali tumguse. Wewe anakuamini, mama. Mchana huwa anasinzia. Ni kugusa tu, kinashika chenyewe, hata haamki."

Nakiete akaitazama punje. "Na akiamka?"

"Akiamka atashukuru." Kidanto alisema hivyo bila hila. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika baada ya kukivaa. Hata mmoja, mama. Wewe mwenyewe unajua."

Alijua. Alikipokea kikaratasi, akakitia kwenye mkoba wake pamoja na miwani.

"Na nikikataa?"

Kidanto akatazama viatu vyake. "Kampuni itauliza kama bado unatusaidia kupokea wageni," alisema. "Mimi sipendi hilo pia."

*

Baada ya chakula cha mchana Nakiete alibisha mlango wa Kokusima, akaingia, na akakuta kitanda kitupu. Godoro lilikuwa chini. Kokusima ameketi juu yake, miguu kainyoosha, mgongo ukutani, viti vyote viwili amevisukuma kwenye kona.

"Mfiwa hakai juu," alisema, kana kwamba anaomba radhi kwa kuvuruga chumba. "Karibu, dada. Utakaa wapi lakini? Zulia lao gumu."

 Nakiete aligeuka, akarudi chumbani kwake, akavua shuka, akashusha godoro na kulikokota korido nzima kama mkulima anayeburuta gunia. Kijana wa usafi akamwuliza kama lina kunguni. "Lina safari," alimjibu, akapita. Alilitandika kando ya lile la mwenzake, yakagusana. Akavua viatu, akaketi, akanyoosha miguu. Hakuwaza lolote. Kwao, na kwa kina Kokusima, na kila mahali alipowahi kufundisha, mfiwa halali peke yake. Wanawake huja na mikeka, hulala wamebanana sebuleni, na kazi yao kubwa ni kuwepo. Mwili wake uliikumbuka kazi hiyo kama unavyokumbuka kufunga kanga.

 Kwa mara ya kwanza tangu apande meli, Kokusima akajilaza kikweli, akavuta pumzi moja ndefu, akalala fofofo. Alikuwa amepata mtu.

Kitambaa chake cheusi kilisogea, sikio la kushoto likawa wazi. Nyuma yake ngozi ilikuwa laini, yenye mvi chache. Nakiete akatoa kikaratasi kwenye mkoba.

Angeamka anashukuru, hilo halikuwa na mjadala. Nakiete mwenyewe alishukuru. Alipanda meli akitokea kwenye mazishi ya binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekwenda hospitali kujifungua asirudi, yeye wala mtoto. Watu waliujaza uwanja. Wanawake waligaragara. Nakiete alikaa ameduwaa, macho makavu, na wenye uzoefu wakanong'onezana, mwacheni, atalia baadaye. Kabla ya hiyo baadaye kufika, mtu akamwambia habari za meli. Alipobandikwa punje ile alisikia kama mlango umefungwa taratibu na mtu mwenye adabu, na akasema asante. Hata sasa hakuwa na malalamiko. Alikula, alilala, alitoa maoni.

Mara moja tu aliwahi kukibandua, ili aone. Alitapika kutwa. Donge halikuja, machozi hayakuja, yalikuja matapishi tu. Daktari alimwambia ukweli bila kumficha: kwa waliokaa nacho sana, njia isiyopitwa huota majani. Pengine ingefunguka, pengine isifunguke kabisa. Akakirudisha.

Basi akaishika punje kwa ncha ya kidole, akainama juu ya mwanamke aliyelala, akatafuta huruma moyoni mwake. Hakuikuta. Akatafuta hasira kwa wale watoto wenye suti, nayo hakuikuta. Hata woga wa kupoteza chumba chake haukuwepo. Alichokuta ni adabu tu, basi, ile ya kufundishwa na mama yake kwa kofi: ukienda kukaa na mfiwa, unapika, unafagia, unachota maji, unanyamaza. Huendi kumwibia. Na huyu hakubakiwa na kitu kingine cha kuibiwa isipokuwa msiba wake.

"Dada," akamtikisa bega. "Amka, dada. Amka."

Kokusima akafungua macho, akaona kidole na kilichokuwa juu yake.

"Nimetumwa nikubandike hiki ukiwa usingizini," Nakiete alisema, kwa sauti ile ile aliyosemea habari za mayai. "Wanao wameridhia. Ukikivaa utatulia na utashukuru, si uongo. Usipokivaa watakushusha Port Louis. Mimi naona uamue mwenyewe ukiwa macho."

Kokusima akaketi taratibu.  "Mutalemwa ameridhia? Na mdogo wake pia?"

"Wote wawili."

"Basi baba yao amekufa mara mbili." Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akaichukua punje kwenye kidole cha Nakiete, akaigeuza geuza kwenye mwanga wa dirisha. "Kumbe ni kadogo hivi. Na wewe unacho?"

"Ninacho."

"Ulifiwa na nani?"

"Binti."

"Uliwahi kumlilia?"

"Watu walilia. Mimi bado."

"Bado?" Kokusima akaitupa ile punje ndani ya ndoo yake ya kutapikia, akasogea mpaka magoti yao yakagusana. "Hata kidogo? Hata njiani?"

"Bado, dada. Na sidhani kama naweza tena. Daktari amesema."

"Huyo daktari amezaa?" Kokusima akauliza kwa ukali, halafu akalainika. "Jina lake nani, mtoto wako?"

Lile jina Nakiete hakuwa amelitamka tangu siku aliyopanda. Humu ndani walimwita Mwalimu au Mama Mshana, na hakuna aliyemwuliza yeye ni mama nani, jambo ambalo nyumbani huulizwa kabla ya chai. Ilibidi alitafute kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba ya ugenini.

"Naelijwa," alisema.

"Naelijwa," Kokusima akarudia, akilijaribu, maana halikuwa jina la kwao. "Haya. Wewe umekuja kukaa na mimi. Mimi ninayo machozi, nina ya kutosha, na kwetu msibani kila mtu humlilia na wake. Leo nitamlilia na wako. Kaa hapo."

Akapandisha mikono kichwani.

"Naelijwa weee! Naelijwa mwanangu, ulikwenda kuleta mtoto ukaenda naye wapi? Mama yako yuko hapa, Naelijwa! Mama yako kakaa chini, hana machozi! Naelijwa, mwana wa watu, nani atamfunika mama yako akiugua?"

Kuta za chumba kile zilikuwa nyembamba. Sauti ikapita. Nakiete alisikia milango ikifunguliwa koridoni, mmoja baada ya mwingine. Alikaa wima akiwa na mikono mapajani. Jina la mtoto wake lilikuwa linaitwa kwa sauti ya mtu aliyeumia, na mtu huyo hata hakuwahi kumwona Naelijwa akitembea. Akabandua kitulizo chake nyuma ya sikio, kikatoka na nywele mbili tatu, akakiweka zuliani. Chumba kikaanza kuzunguka. Tumbo likapanda, akalimeza. Machozi hayakuja. Lakini aliyataka, na alishangaa, kwa sababu tangu apande meli hiyo hakuwahi kutaka kitu ambacho hakikuwa mezani.

Mlango ukagongwa. Akajishika ukutani, akaenda kuufungua akiyumba. Bwana Kidanto alikuwa pale na daktari nyuma yake, na nyuma ya daktari watu wamejaa koridoni, wengine na taulo mabegani, hakuna anayesema. Bibi mmoja alikuwa anashika shavu lake lenye unyevu na kuutazama mkono wake.

"Mama Mshana," alisema Kidanto, jasho linamtoka. "Jamani, mama. Tulikubaliana. Nani analia humo?"

"Tumefiwa," alisema Nakiete.

"Mama, unajua maana ya hili? Nitalazimika..."

"Utatushusha wote wawili, na masanduku yetu. Sawa, baba, tutashuka. Hilo ni la kesho kutwa. Leo humu ni matangani. Ukitaka kuingia, vua viatu."

Akauacha mlango wazi. Akarudi kwenye godoro lake akijishikilia ukuta, akaketi karibu na Kokusima aliyekuwa bado anamwita Naelijwa, akanyoosha miguu. Macho yake yalikuwa makavu. Mlangoni alisikia kiatu kimoja kikivuliwa, halafu cha pili, halafu vingine vingi. Hakugeuka kuona ni vya nani. Aliweka mikono yake kichwani, mmoja kwanza na wa pili baadaye, akaanza kusubiri.